Mahali Asipokanyaga Kogo

Inspekta Peris Nanjala alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe, wakunga, mashemasi na mganga mmoja aliyejifanya bubu, lakini tangu aanze upelelezi mjini Kitale hakuwa amewahi kupewa mshukiwa asiyeweza kupita mlangoni. Mshukiwa wa safari hii alikuwa ndovu jike. Watafiti walikuwa wamempa jina la Kogo, yaani nyanya, na walimvika kola shingoni ili wajue anakokwenda.

Marehemu aliitwa Festus Wafula, mkulima wa Endebess ambaye shamba lake liligusana na msitu wa mlima Elgon. Jana alfajiri mkewe alimkuta amelala chali kwenye mahindi yake, kifua kimepondeka. Kando yake palikuwa na mabua yaliyovunjika na mafungu ya mavi ya ndovu. Chai ilikuwa haijachemka vizuri na tayari Endebess nzima ilishapitisha hukumu. Amri ya kumpiga Kogo risasi ilitoka siku hiyo hiyo. Aliyekabidhiwa kuitekeleza alikuwa afisa wa wanyamapori aliyeitwa Munene, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kazi yake iahirishwe.

"Madam, hii kesi imeisha," Munene alisema. "Wewe sasa unatafuta nini?"

"Nikijua nitakuambia," Peris alijibu.

Walikuwa wamesimama nyuma ya kiti cha Daktari Emmy Chepchumba, kwenye nyumba ya kupanga ya mtaa wa Matisi, kati ya kinyozi na duka la chakula cha kuku. Hapo ndipo watafiti wa ndovu walipofanyia kazi. Macho ya Chepchumba yalikuwa mekundu kwa kulia, ila mikono yake ilikuwa imara juu ya kompyuta. Alikuwa amemfuata Kogo kwa miaka mingi, na kumpiga Kogo risasi ilikuwa sawa na kumwekea yeye msiba nyumbani.

Skrini ilionyesha mlima, na juu ya mlima nukta nyekundu zilizotapakaa kama punje za wimbi zilizoanikwa.

"Kila saa kola inatuma mahali alipo," Chepchumba alieleza. "Hizi zote ni zake."

"Kwa hiyo anaishi mlima mzima."

"Hapana, Inspekta. Mlima ni mkubwa, yeye ana kipande chake tu. Tunakiita eneo la maskani. Na hata ndani ya hicho kipande hatumii kila mahali sawasawa. Hebu tazama zilivyorundikana hapa."

Aligusa rundo la kwanza. Hayo yalikuwa mapango, ambako Kogo huingia ndani kabisa gizani, akipapasa kwa mkonga, akichokoa ukuta kwa pembe apate chumvi. Rundo la pili lilikuwa mianzi ya juu, anakopanda majani ya chini yakikauka. La tatu lilikuwa bonde lenye maji. Mvua zikishika, marundo yote husogeleana kwa sababu chakula kiko kila upande na hakuna haja ya kuchosha miguu. Kiangazi kikiingia, eneo linatanuka tena. Madume huzurura mbali zaidi, wao kwa wao au peke yao. Kogo hawezi, maana ana familia nyuma yake, na wenye miguu mifupi ndio hupima mwendo wa wote.

"Na hapa katikati, mbona nukta ni chache?" Peris aliuliza.

"Hapo ni karibu na watu. Ndani ya msitu Kogo anatembea kama mama anayetoka kanisani, anasimama kila mahali. Akikaribia mashamba anangoja giza, halafu anapita mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni."

Peris alicheka bila kutaka. Alizaliwa na kukulia upande wa Bungoma, kwenye nyumba ambamo ndovu alikuwa jambo la hadithi tu, na alidhani mnyama wa porini huenda popote pua inapomvuta. Kumbe huyu alikuwa na jiko lake, kisima chake, ghala yake ya chumvi na njia zake za kukwepa majirani wabaya. Na yote hayo aliyabeba kichwani, aliyapokea kwa mama yake na sasa anawarithisha wengine. Peris, aliyekuwa hakosi kupotea kila alipotumwa Eldoret, alimwonea wivu wa kweli.

"Sawa, tumemsifu," Munene alisema. "Sasa weka njia ya usiku wenyewe."

Chepchumba alibonyeza. Mstari mmoja ulitokea, ukitoka mapangoni kushuka bondeni. Nukta moja ilikuwa juu kidogo ya shamba la Festus. Iliyofuata ilikuwa chini yake.

"Si huyo hapo?" Munene alisema, na hakuwa anajigamba. "Katikati kuna saa nzima. Na sababu anayo. Festus alitega shambani waya wa kunasa swara, mtoto wa Kogo akanaswa, akafa. Hata watoto wa shule Endebess wanajua. Ndovu hasahau, madam. Alirudi kulipa."

"Ni kweli hiyo ya mtoto?"

"Ni kweli," Chepchumba alisema kwa sauti ndogo. "Alisimama na yule mtoto mpaka akaanza kuoza. Kisha akaondoka."

"Na tangu siku hiyo amepita wapi? Usinionyeshe usiku mmoja. Nionyeshe kila alipowahi kushuka kutoka mapangoni."

Mistari ilianza kuja mmoja juu ya mwingine, mpaka ikawa kama kamba nene iliyosokotwa. Ilishuka wima kutoka mapangoni, ikafika juu ya shamba la Festus, hapo ikapinda, kwa kuwa siku nyingine nukta ya saa ilimkuta katikati ya njia. Ilizunguka ukingo wote wa shamba, ikajiunga tena upande wa chini, ikaendelea na safari. Kabla ya kifo cha yule mtoto mistari ilipita palepale katikati. Baada yake hapakuwa na hata mmoja. Katika eneo lote la Kogo palibaki pengo moja lenye umbo la shamba la Festus.

Peris aliinama karibu na skrini. "Na huu wa juzi usiku?"

"Nukta zake mbili ziko juu ya kamba, kabla ya kona na baada yake. Muda aliotumia kutoka juu mpaka chini ni uleule wa kila siku."

"Kwa hiyo, Munene, wewe unasema hasahau, nami nakubali. Ila kukumbuka kwake ndiko kunakomfanya apazunguke. Angetaka kulipa angelipa zamani."

Munene alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu. "Hii inaonyesha vile hufanya siku zote. Kuua mtu kunahitaji usiku mmoja tu. Kesho akiua mwingine, utaenda wewe kuwaambia wenyewe kwamba ramani ilikataa?"

Hoja ilikuwa nzuri. Ramani ilikuwa shahidi wa tabia, na mahakama yoyote ingeuliza yuko wapi shahidi wa tukio.

"Vijana wangu wako juu tayari," Munene alisema akichukua kofia. "Sasa yuko ndani ya mianzi, hatuwezi kumpiga vizuri. Jioni atatoka kwenye uwanja wa nyasi. Hapo nitamaliza. Ukipata kitu kabla ya hapo, nipigie. Lakini iwe kitu, madam, isiwe huruma."

Chepchumba alitazama mlango ukifungwa. Halafu akauliza swali ambalo Peris aliliogopa: "Utapata?"

"Vaa gambuti zako twende," Peris alisema.

*

Njiani kuelekea Endebess Peris alimsimulia Chepchumba aliyoyaona mochari asubuhi ile. Daktari wa pale aliandika kwamba marehemu alipondwa na kitu kizito, akaishia hapo, kwa kuwa na yeye alishasikia habari za ndovu. Lakini alama kwenye kifua cha Festus ilikuwa mkanda ulionyooka, kutoka kwapa hadi kwapa. Na kwenye sweta yake Peris alikung'uta unga mwekundu wa mbao wenye harufu nzuri, ile inayotoka kwenye sanduku jipya la nguo.

"Mtarakwa," Chepchumba alisema mara moja. "Haukatwi siku hizi. Ni marufuku."

"Ndiyo maana nimeufunga kwenye karatasi."

Shamba la Festus lilikuwa limetunzwa na mtu mwenye mkono wa kazi. Mahindi yalisimama kwa mistari safi mpaka kwenye ua wa msitu. Peris alikuwa ameagiza mavi yafunikwe kwa karai yasiguswe, na askari aliyeachwa zamu, Koplo Kipkemei, alilinda karai hilo kama mtoto wa mfalme.

Peris alianza na mabua. Yalivunjika usawa wa kiuno, yote yameegemea upande mmoja, na mahindi mabichi yalikuwa bado yananing'inia.

"Ndovu gani huyu anayevunja mahindi asiyale?"

"Aliyekasirika anaweza," Chepchumba alikiri. "Sitaki kukudanganya."

Peris alifunua karai, akachuchumaa, akavaa glavu na kupasua fungu la kwanza. Ndani palijaa nyuzi ndefu za mianzi. Hapakuwa na punje hata moja ya mahindi.

"Haya! Anashtakiwa kula shamba, na tumbo lake linasema hakula!"

"Pole, Inspekta. Anachokula leo anakitoa kesho. Hata kama alikula mahindi hapa, yasingeonekana. Na mianzi ndiyo chakula cha Kogo. Hiyo inamkaribisha, haimtoi."

Peris aliketi juu ya visigino vyake. Hivyo ndivyo kazi ilivyo: mwenye hamu ya kushinda huokota kokoto akaiita almasi. Alitulia. Alitazama tena kile alichokishika, safari hii bila kumtetea mtu. Alipasua fungu la pili, kisha la tatu, akasukuma kidole katikati ya kila moja.

"Daktari. Mavi mabichi ya ndovu hukaukaje?"

"Kama ugali. Nje kwanza, ndani baadaye sana."

"Basi shika hapa nje."

"Yamelowa."

"Sasa weka kidole ndani."

Chepchumba aliingiza kidole, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa na vumbi. "Yamekauka kabisa," alisema polepole.

"Yamekauka zamani, yakaloweshwa juzi. Na nusa."

Chepchumba alinusa, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulifunguka. "Moshi!"

Upande mmoja wa kila fungu ulikuwa mweusi kwa masizi. Hapakuwa na mdudu hata mmoja aliyeyajia, ilhali mavi mabichi ya ndovu huwa karamu ya mbawakawa. Mtu aliyachukua mahali pa moshi, akayamwagia maji, akayapanga kando ya maiti.

Mjane wa Festus alikuwa ameshuka kutoka nyumbani kuwaletea chai ya maziwa, kwa kuwa hata siku ya msiba mgeni haachwi na koo kavu. Aliitwa Chelagat, mwanamke wa mlimani aliyeolewa na mtu wa Bungoma na kuishi naye kwa amani iliyowashinda waliotabiri kinyume. Aliweka chupa chini, akaona kilichokuwa mkononi mwa Inspekta.

"Hiyo si ya ndovu ya juzi," alisema tu, kama mtu anayetambua sufuria yake kwa jirani. "Hiyo ni ya Mukhisa."

Peris hakuinua sauti. "Mukhisa ni nani, mama?"

"Si ni shemeji. Ndugu mdogo wa baba watoto. Yeye huuza dawa soko ya Misikhu. Watu ya huko chini wanachomanga hii, mtoto anavuta moshi kama ako na kikohozi. Sisi huku tunaokota tu tukihitaji, lakini yeye inabidi akae nayo siku mingi. Sasa anaweka kwa uchaga, juu ya moto yangu, ndio isiingie funza. Gunia yake ilikuwa kwa jikoni mpaka..."

Aliangalia tena fungu lile.

"Mpaka lini?"

"Mpaka hiyo jioni. Alikuja na pikapu akaibeba. Alisema anateremka Misikhu mapema."

"Na asubuhi ulipompata mumeo, ulimpigia nani kwanza?"

"Yeye. Akaniambia ako kwa kitanda, Misikhu. Ati nimemwamsha, niongee polepole asishtuke."

Chelagat aliketi chini kwenye udongo bila kuangalia anapoketi. Chepchumba aliketi karibu naye, akamshika mkono.

"Koplo," Peris aliita, "ingia msituni kutoka kona ile. Tafuta kisiki kipya cha mtarakwa na alama za gari. Ukipata nipigie. Usikanyage alama."

Alipogeuka, Chelagat alikuwa amesimama tena, akijifunga leso kiunoni.

"Nipelekeni Misikhu," alisema. "Nataka aniangalie."

*

Simu ya Kipkemei iliwapata kabla hawajafika Misikhu. Kisiki kilikuwepo, chekundu kama nyama. Magurudumu yaliingia yakiwa mepesi, yakatoka yakiwa mazito. Gogo moja liliachwa kando ya njia, na chini yake palikuwa na kiatu cha kushoto. Festus alikuwa amepatikana na kiatu kimoja. Munene aliambiwa ndovu alitupa kingine, na hakuna aliyekitafuta.

Peris alijaribu kumpigia Munene. Hakupatikana. Alijaribu tena na tena, huku jua likianza kuegemea upande wa mlima, na kila mara yule bibi wa kwenye simu alimjibu kwa adabu ileile. Chepchumba, aliyekuwa kiti cha nyuma na kompyuta mapajani, alikuwa akisoma nukta kadiri zilivyoingia.

"Anateremka," alisema. "Anakaribia mwisho wa mianzi."

Nyumbani kwa wazazi wa Festus, pale Misikhu, palikuwa pamejaa. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na katikati ya uwanja moto wa matanga ulikuwa ukifuka. Mukhisa alisimama kando ya moto huo akiwasimulia waombolezaji. Alikuwa mtu mwenye mwili, mwenye sauti ya kuuzia dawa.

"Hiyo ndovu iriingia kwa shamba porepore," alikuwa akisema. "Festus akatoka na tochi. Si mnajua Festus hakuwa mtu ya kuogopa? Akasimama mbere yake..."

"Mulembe," Peris aliwasalimu.

"Mulembe," uwanja ulijibu.

Alimwinamia kwanza mama wa marehemu, mzee mdogo wa mwili aliyeketi kwenye mkeka. "Mayi, pole sana. Nimekuja na kazi mbaya siku mbaya. Nisamehe."

"Fanya kazi yako, mwana," mama alisema.

Peris alimwendea Mukhisa. Alimwambia jina lake, cheo chake, na kwamba alikuwa na haki ya kunyamaza. Halafu akafungua mfuko na kuweka fungu moja la mavi juu ya kiti kilichokuwa kitupu.

"Hii ni bidhaa yako?"

"Afande, mavi ya ndovu ni mavi ya ndovu. Hata wewe unaweza okota."

"Iliyokaushwa kwa moshi? Nani mwingine mlima mzima anaikausha kwa moshi?"

"Watu ni wengi, bana."

"Gunia ulilobeba jioni ile liko wapi?"

"Niriuza."

"Soko la Misikhu ni leo. Uliuza wapi jana?"

Mukhisa alilamba midomo. Macho yake yalipita kwa Inspekta, yakakutana na ya Chelagat, yakakimbia. Simu ya Peris iliita. Ilikuwa Munene.

"Madam, nimeona umenitafuta. Huku network ni ya kuokoteza. Ongea haraka, ametoka. Ako wazi kabisa mbele yangu."

"Usipige."

"Uko na kitu?"

"Nina mavi yaliyokaushwa kwa moshi. Nina kisiki, kiatu na mtu."

"Huyo mtu amekubali?"

Peris alimtazama Mukhisa. "Bado."

"Basi bado uko na maneno. Nimepewa amri yenye sahihi, madam. Akirudi ndani ya mianzi, wakubwa wataniuliza mimi."

Peris aliifungulia simu sauti ya nje, akainyanyua juu. Kutoka kule mlimani, kupitia kwa Munene, walisikia matawi yakivunjwa, taratibu, na mnyama mkubwa akipumua.

"Hiyo ndiyo ndovu unayoisimulia," Peris alimwambia Mukhisa. "Yuko mbele ya bunduki. Tangu mtoto wake afe kwenye shamba la Festus hajawahi kukanyaga pale. Anapita mapangoni, mianzini, bondeni, kila mahali pake, ila pale anapazunguka. Ulipomchagua yeye kubeba hili ulikosea, kwa sababu mlima wote hakuna kiumbe aliyekuwa mbali na shamba lile kama yeye. Endelea sasa na hadithi. Alisimama mbele yake, kisha?"

Mukhisa aligeuza uso kwenye moto.

Mama mzee aliinuka kutoka mkekani. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusogea. Alimfikia mwanawe, kichwa chake kikigota kwenye kifua cha yule mtu mkubwa.

"Mukhisa. Utamwaga udongo juu ya ndugu yako na hiyo kitu ikiwa ndani ya tumbo yako?"

"Mayi..."

"Nimekuuliza."

Mukhisa alianza kulia kama mtoto, mdomo wazi. Maneno yalitoka vipande vipande. Walikuwa wakipakia mtarakwa. Festus aliona mwanga, akaja, akasema yeye hataki wizi nyuma ya shamba lake, akaanza kufungua kamba ya pikapu kwa mikono yake mwenyewe. Gogo likateleza. Vijana wa msumeno wakatoroka.

"Alikufa hapo hapo?" Peris aliuliza.

Hapo ndipo Mukhisa alipochelewa kujibu, na Peris akajua ubaya ulipokuwa.

"Alikuwa anapumua?"

"Arikuwa anapumua."

"Kitale kuna hospitali."

"Pikapu irikuwa na mbao, afande. Barabarani kuna polisi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nirifikiri nimuweke kwa mahindi, nipereke mbao, nirudi. Niriporudi, arikuwa amekwisha. Nikafikiria gunia..."

Chelagat alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua jikoni, akaiziba kwa leso.

"Madam?" Munene aliita. "Bado niko hapa. Anageuka."

Peris alimsogezea Mukhisa simu mdomoni. "Mwambie wewe mwenyewe."

Mukhisa aliitazama ile simu. Uwanja wote ulimtazama.

"Afande," alisema. "Usipige huyo mama. Hakufanya kitu. Ni mimi."

Ikaja sauti ya Munene, si kwao bali kwa watu wake: "Shusheni bunduki. Shusheni, nimesema!" Matawi yaliendelea kuvunjika kwa muda, yakizidi kuwa mbali, bila haraka yoyote. Kwenye gari Chepchumba alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, na kompyuta mapajani mwake ikaonyesha nukta mpya, ndani ya mianzi.

Peris alitoa pingu. Zilibana kwenye vifundo vile vinene. Mukhisa alizitazama, halafu akawatazama watu wake, moto, turubai na mahali palipokwisha kupimwa kaburi kando ya ndizi.

"Nitaruhusiwa kumuzika?" aliuliza.

Inspekta alikuwa na jibu refu la kisheria, la hakimu na la kibali cha siku moja chini ya ulinzi. Alifungua mdomo alitoe, lakini Chelagat alikuwa ameshafika, ameshusha leso usoni, anamtazama shemeji yake machoni kama alivyotaka tangu Endebess.

"Hapana," alisema.